Mtu wa Pindi: Anand Bakshi na nyimbo za filamu za Bombay

Mji wa Rawalpindi, au Pindi kwa kifupi, kaskazini mwa Punjab, uliipa Bombay watunzi wawili wakubwa wa nyimbo za filamu. Wa kwanza ni Shailendra, aliyezaliwa huko mwaka 1923, akahamia Mathura na wazazi wake angali mtoto, kisha akafanya kazi katika karakana ya reli ya Matunga hadi Raj Kapoor alipomvuta kwenye sinema. Huyo ndiye aliyeshiriki kutunga nyimbo za Awara, filamu ya 1951 ambayo wazee wa pwani yetu bado wanaikumbuka. Wa pili alizaliwa tarehe 21 Julai 1930, na kutoka kwake Rawalpindi hakukuwa kuhama kwa familia inayotafuta riziki. Aliondoka akiwa na miaka 17, kwa haraka, kama mkimbizi, na hakupata tena pa kurudi. Jina lake kwa ukamilifu lilikuwa Bakshi Anand Prakash Vaid. Sinema ilimjua kama Anand Bakshi.

Ukitafuta jina hilo kwenye orodha ya majina mwanzoni mwa filamu za Kihindi, kuanzia miaka ya sitini hadi mwanzo wa karne hii, utalikuta zaidi ya mara 600. Nyimbo zake zimepita 3,000. Hakuna mtu anayeweza kutunga nyimbo elfu tatu zote zikawa nzuri, na za Bakshi hazikuwa nzuri zote. Nyingine zilitungwa asubuhi zikasahauliwa jioni. Lakini katika lundo hilo zimo nyimbo ambazo watu waliohama makwao, kwa hiari au kwa lazima, walizichukua wakazifanya zao.

Mama yake alifariki Bakshi akiwa mtoto wa miaka mitano au sita. Alibaki na baba, bibi na babu, katika ukoo uliopenda kazi zenye sare na mshahara wa mwezi. Shule hakuipenda. Alichopenda ni kuimba, na nyumbani kwao kuimba kulihesabiwa kuwa kazi ya watu wasio na heshima. Mwaka 1944, akiwa na miaka 14 tu, alijiunga na jeshi la wanamaji la India chini ya Waingereza, akapelekwa Karachi. Waliomfahamu wanasema bandari ilimvutia kwa sababu aliamini meli ingemfikisha Bombay, na Bombay ndiko zilikotengenezwa filamu.

Meli haikumfikisha popote. Tarehe 18 Februari 1946 wanamaji wa kituo cha Talwar, Bombay, waligoma kwa sababu ya chakula kibovu na matusi ya maofisa, na kwa siku chache mgomo ukageuka maasi yaliyoingia meli na vituo vingi, Karachi ikiwemo. Huko askari wa nchi kavu na meli ya Hindustan walirushiana mizinga. Kijana Bakshi alikuwa miongoni mwa waliounga mkono. Maasi yalipozimwa, wengi walifungwa na wengine wakafukuzwa kazi. Yeye alirudishwa Rawalpindi kabla hajatimiza miaka 16, na rekodi yake imetiwa doa.

Alirudi kwenye mji ambao siku zake kwa watu wa dini yake zilikuwa zinahesabika. Machi 1947 vijiji vilivyouzunguka Rawalpindi vilishuhudia mauaji ya Wahindu na Masingasinga. Majira ya joto ya mwaka huo mwanasheria Mwingereza, Cyril Radcliffe, ambaye alikuwa hajawahi kukanyaga India, alipewa wiki tano kuchora mpaka wa nchi mbili. Mpaka wenyewe ulitangazwa tarehe 17 Agosti, siku mbili baada ya India kupata uhuru. Kwa hiyo walikuwepo watu waliosherehekea uhuru bila kujua wamelala nchi gani. Watu kati ya milioni 12 na 15 walivuka upande mmoja kwenda mwingine. Waliouawa njiani na majumbani mwao wanakadiriwa kuwa mamia ya maelfu, na wapo wanahistoria wanaofikisha milioni moja au zaidi.

Ukoo wa Bakshi, Wahindu katika mji uliokuwa sasa Pakistan, waliondoka mwanzoni mwa Oktoba 1947. Kwa kuwa walikuwa na jamaa jeshini, walipata nafasi katika ndege ya Dakota hadi Delhi, bahati ambayo wengi hawakuipata. Wengi walitembea kwa miguu, au walipanda treni ambazo nyingine zilifika zimejaa maiti. Muda wa kufunga mizigo ulikuwa mdogo mno. Kila mtu alibeba alichoona kina thamani. Walipofika Delhi, wakubwa walimkemea kijana huyu, kwa sababu yeye alikuwa amebeba picha za familia, na miongoni mwake picha ya marehemu mama yake. Kisa hiki alikisimulia mwenyewe kwa wanawe, na jibu alilowapa wakubwa lilikuwa kwamba fedha angeweza kuzitafuta tena akikua, lakini picha ya mama yake angeipata wapi?

Mkimbizi hana muda wa kuwa msanii. Bakshi aliingia jeshini tena, safari hii jeshi la nchi kavu la India huru, akawekwa kitengo cha mawasiliano. Kambini aliimba, akaigiza katika michezo ya askari, akajaza daftari mashairi. Mwaka 1950 aliacha kazi, akaenda Bombay kujaribu bahati yake. Hakuna aliyemfungulia mlango. Fedha zikamwishia, akarudi jeshini kwa mara ya pili, kitengo cha mitambo na umeme, akakaa hadi 1956. Katikati hapo, mwaka 1954, alioa. Mkewe, Kamla, aliolewa na askari mwenye mshahara; miaka miwili baadaye alijikuta mke wa mtu asiye na kazi aliyekwenda Bombay kuuza mashairi, naye akabaki kwa wazazi wake akimlea mtoto.

Bombay ya sinema wakati huo ilikuwa mji wa watu waliotoka kwingine. Raj Kapoor na Dilip Kumar walizaliwa Peshawar. Sunil Dutt alitoka wilaya ya Jhelum, jirani kabisa na Rawalpindi, naye aliupoteza ujana wake kwa mgawanyo ule ule. Mtunzi wa muziki Sachin Dev Burman alizaliwa Comilla, ambayo leo ni Bangladesh. Sahir Ludhianvi, mshairi mkali kuliko wote, alikuwa amekimbia kutoka Lahore kwa sababu za kisiasa. Kuwa mgeni, basi, hakukumpa mtu upendeleo wowote. Wote walikuwa wageni, na wengi wao walikuwa na elimu kubwa na majina katika magazeti ya Kiurdu. Bakshi hakuwa na kimojawapo. Hakumaliza sekondari.

Kutoka miezi hiyo ya mwanzo Bombay kuna kisa cha mkaguzi wa tiketi. Bakshi alikutwa kituo cha Marine Lines hana tiketi wala nauli. Mkaguzi, badala ya kumkabidhi kwa polisi, alizungumza naye, akasikia kwamba anaandika mashairi, akamwomba amsomee. Bwana yule alipenda ushairi. Akampeleka nyumbani kwake Borivali, pembezoni mwa jiji, akamwambia akae, na Bakshi akakaa kwa muda mrefu, akila na kulala bila kudaiwa. Hadi uzeeni Bakshi alimtaja mtu huyu kwa sauti ya mtu anayetaja wema asioweza kuulipa. Nami naona ni vigumu kuandika historia ya sanaa ya Bombay bila kuwataja watu wa namna hii, makarani na watu wa reli, waliowalisha wasanii kabla wasanii hawajawa kitu.

Mlango ulifunguka kwa ajali ndogo. Mwigizaji na mwongozaji Bhagwan Dada, aliyekuwa na jina tangu filamu ya Albela ya 1951, alikuwa anamngoja mtunzi wa nyimbo ambaye hakutokea. Bakshi, aliyekuwa anashinda ofisini humo akingoja chochote, akaulizwa anafanya kazi gani. Akasema anaandika nyimbo. Akapewa kisa cha filamu na siku chache za kutunga. Filamu iliitwa Bhala Aadmi, ikatoka 1958. Aliitungia nyimbo nne, akalipwa rupia 150. Filamu haikwenda kokote. Lakini sasa angalau angeweza kusema kuwa yeye ni mtunzi bila kudanganya.

Ikafuata miaka saba ya vibarua. Jina likavuma 1965, na filamu ya Jab Jab Phool Khile, muziki wa Kalyanji na Anandji. Kisa chake ni cha mwenye mashua katika ziwa la Srinagar, Kashmir, anayempenda binti tajiri aliyekuja mapumziko. Wimbo wake mkuu unawaonya wenyeji wasiwape wageni macho wala moyo, kwa maana wageni huondoka. Unarudi katika filamu zaidi ya mara moja, mara kwa furaha, mara kwa huzuni. Miaka miwili baadaye ikaja Milan, ya Laxmikant na Pyarelal, na shujaa wake, Sunil Dutt, pia ni mwendesha mashua. Humo mna wimbo ambao mvushaji anamfundisha binti msomi kuimba, na anamsahihisha matamshi: anamtaka aache lafudhi ya shuleni, atamke kama wanavyotamka watu wa mtoni. Inachekesha kidogo kwamba mwanamaji aliyefukuzwa kazi alikuja kupata jina kwa nyimbo za watu wa mashua.

Somo hilo la matamshi ndilo linaloonyesha Bakshi alisimama wapi. Watunzi waliomtangulia, akina Sahir na Majrooh Sultanpuri, walikuwa washairi kwanza. Walitoka katika chama cha waandishi wa mrengo wa kushoto, na hata walipoiandikia filamu walitaka kusomwa. Bakshi mwenyewe alikataa kuitwa mshairi, akisema yeye ni mtunga nyimbo. Wahakiki walimchukulia kwa neno lake, na kwa miaka mingi walimweka daraja la pili. Maneno yake yalikuwa ya barabarani, ya kambini, ya kwenye treni. Mtu akisikia mara moja ameelewa, akisikia mara ya pili ameshika.

Kwetu, tuliolelewa na vina na mizani, ni rahisi kuona ugumu wa kazi hiyo. Wimbo wa filamu ya Kihindi una kipokeo kinachorudi na beti mbili au tatu. Mara nyingi sauti hutangulia: mtunzi wa muziki huketi na harmonia, mpiga tabla pembeni, akaimba lahani kwa silabi zisizo na maana, na mtunzi wa maneno atafute mizani inayoingia humo bila kubana. Kabla ya hapo Bakshi alidai kitu kimoja. Alitaka mwongozaji amsimulie filamu yote, tangu mwanzo hadi mwisho, siyo kipande chenye wimbo tu. Alitaka kujua mhusika ametoka wapi na anakwenda wapi. Kisha alizunguka chumbani akipiga mluzi, sigara mkononi, akaandika kwa hati ya Kiurdu, hati aliyofundishwa shuleni Rawalpindi na ambayo vijana wa Bombay wa miaka ya tisini hawakuweza tena kuisoma. Mara nyingine alikuja na lahani yake mwenyewe pamoja na maneno, na Laxmikant na Pyarelal hawakuona haya kuitumia. Walifanya naye kazi katika filamu karibu 300.

Mfano ninaoupenda uko katika Ek Duuje Ke Liye ya 1981. Shujaa ni kijana Mtamil kutoka kusini, msichana anasema Kihindi, na lugha ya mpenzi wake kijana haijui vizuri. Wamenaswa ndani ya lifti. Atambembelezaje? Bakshi alimtungia wimbo ambao maneno yake karibu yote ni majina ya filamu za Kihindi, moja baada ya jingine, yamepangwa hadi yakatoa maana ya mapenzi. Kijana hajui sarufi, lakini kila mtu ameyaona matangazo ya filamu ukutani. Mwimbaji alikuwa S. P. Balasubrahmanyam, naye Mtelugu wa kusini ambaye Kihindi chake wengine walikitilia shaka. Ni mzaha, lakini mzaha uliotungwa na mtu aliyejua mgeni anavyoshika lugha ya watu, kwa vipande anavyoviokota njiani.

Miaka ya sabini ilikuwa yake. Aradhana ya 1969 ilimfanya Rajesh Khanna nyota na kumrudisha juu Kishore Kumar, na maneno yalikuwa ya Bakshi. Kisha Kati Patang, Haathi Mere Saathi, Amar Prem, Hare Rama Hare Krishna. Bobby ya 1973. Sholay ya 1975, iliyokaa miaka mitano katika ukumbi wa Minerva, Bombay. Kwa Sholay, Bakshi alirekodi hata sauti yake katika kawali, ndoto yake ya utotoni, lakini filamu ilikuwa ndefu mno na wimbo huo ukakatwa. Faraja aliipata kwingine: mwaka 1972, katika Mom Ki Gudiya, alikuwa ameshaimba pamoja na Lata Mangeshkar mwenyewe.

Filamu hizo zilivuka bahari. Zilionyeshwa Majestic ya Unguja, Avalon na Empire za Dar es Salaam, na katika sinema ya magari ya Dar iliyofunguliwa 1966, ambako familia zilikwenda na vyakula vyao. Watoto wa Kiswahili waliimba Kihindi wasichokijua, neno kwa neno. Na Mombasa, mwimbaji Mohamed Khamis Juma Bhalo alikuwa anachukua lahani za filamu za Kihindi na kuzivisha mashairi ya Kiswahili, yakiwemo ya mshairi Ahmad Nassir. Katika safari hiyo maneno ya mtunzi wa Bombay yalitupwa, ikabaki sauti. Kwa hiyo msikilizaji wa pwani anaweza kuwa ameishi na nyimbo za Bakshi miaka hamsini bila kumjua, kwa sababu kilichofika kwake ni kile ambacho Bakshi hakukiandika.

Tuzo zilichelewa. Waandaaji wa tuzo za filamu za Filmfare walimteua mara zipatazo 40 na kumpa nne tu. Ya kwanza ilikuja 1979, miaka zaidi ya 20 baada ya rupia zile 150, kwa wimbo wa filamu ya Apnapan unaomwita binadamu msafiri, anayekuja na kwenda na kuacha kumbukumbu njiani. Nyimbo za Bobby na Amar Prem, ambazo nchi nzima iliziimba, hazikumpa kitu.

Kisha 1986 ikaja Naam, ya mwongozaji Mahesh Bhatt. Kijana wa Kihindi amekwenda Hong Kong kutafuta maisha na ameingia katika uhalifu. Usiku mmoja, katika ukumbi, mwimbaji Pankaj Udhas anapanda jukwaani kama yeye mwenyewe na kuimba wimbo wa barua. Ni barua ya mzazi kwa mwana aliye ng'ambo. Inamtajia mambo ya nyumbani, nani anamlilia, sikukuu gani imepita bila yeye, na inamwambia kwamba amechuma fedha nyingi, lakini fedha hizo ndizo zilizomtenga na kwao. Wimbo ni mrefu kuliko desturi ya filamu, na kwa muda wake wote kamera inapita kwenye nyuso za wahamiaji waliokaa mezani, wanaume wenye suti nzuri, wakilia. Miaka hiyo mamia ya maelfu ya Wahindi na Wapakistani walikuwa wanafanya kazi katika nchi za Ghuba, wakiishi mabwenini, wakipata likizo kwa nadra. Udhas aliuimba wimbo huo duniani kote hadi alipofariki 2024. Hakuna tamasha aliloruhusiwa kuondoka bila kuuimba.

Wapo wanaouona wimbo huo kuwa wa machozi mepesi. Sidhani. Mtunzi mwepesi angeuweka moyo wa wimbo kwa yule aliyeondoka, ambaye ndiye anayetazamwa kwenye skrini. Bakshi aliwapa sauti waliobaki, na wanasema mambo ya kawaida kabisa, yale ambayo barua za kweli husema.

Alipofika miaka ya tisini alikuwa mzee katika sinema ya vijana. Mwaka 1993 wimbo wake mmoja katika Khalnayak ulifikishwa mahakamani kwa madai ya matusi; kesi ilitupwa, na kaseti ziliuzwa kwa mamilioni. Mimi simtetei sana kwa huo. Miaka miwili baadaye Aditya Chopra, kijana aliyekuwa anaongoza filamu yake ya kwanza, alimwita mzee wa miaka 65 amtungie nyimbo za wapenzi wa London. Filamu hiyo, Dilwale Dulhania Le Jayenge, inaanza na baba Mpunjabi akilisha njiwa uwanja wa Trafalgar na kuwaza mashamba ya haradali ya kwao, huku wimbo wa Bakshi ukimwita mgeni arudi nyumbani. Chopra alirudisha tungo nyingi kabla ya kuridhika, na mzee alikubali kuandika upya. Ilimpa tuzo ya tatu. Ya nne aliipata kwa Taal, iliyotoka 1999 na muziki wa A. R. Rahman.

Mwaka 2001, akiwa mgonjwa wa moyo, aliandika nyimbo za Gadar, kisa cha dereva wa lori Msingasinga na msichana wa Kiislamu waliotenganishwa na mpaka wa 1947. Ndiyo moja ya filamu zilizotazamwa na watu wengi zaidi katika historia ya India. Alifariki Mumbai, jina jipya la Bombay, tarehe 30 Machi 2002, akiwa na miaka 71. Nyimbo zake ziliendelea kutoka katika filamu zilizokuwa zimechelewa, hadi Mehbooba ya 2008. Na mwaka 2023, Gadar ilipotengenezewa sehemu ya pili, watayarishaji hawakutafuta maneno mapya kwa nyimbo zake kuu mbili. Walizirekodi upya na maneno yake yale yale, na jina lake likarudi kwenye orodha.